Uzee Hauna Kitovu Kimoja

Swali: Shikamoo, Daktari. Baba yetu ametimiza miaka 74 na tunaishi naye hapa Tanga. Mwezi uliopita kaka yangu aliyeko Muscat alimletea vichupa vitatu vya vidonge vya NMN, ambavyo karatasi yake inasema vinarudisha seli katika ujana na kuongeza umri. Bei ya kichupa kimoja inazidi nusu ya mshahara wangu, na kaka anataka tuchangiane ili mzee asikose dozi. Mama hataki hata kuviona; anasema umri umeshaandikwa na kuutafutia nyongeza ni kushindana na Mwenyezi Mungu. Naomba unieleze sayansi imefika wapi katika jambo hili, na kama mama ana haki.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na kwa kuwa la kwanza lina jibu fupi, nitalitoa kabla ya maelezo: hadi leo hakuna dawa, iwe kidonge, sindano au unga, iliyothibitishwa kwa majaribio ya wanadamu kuwa inapunguza kasi ya kuzeeka na kwa njia hiyo kumwongezea mtu miaka. Dawa zinazomzuia mtu asife kwa ugonjwa fulani zipo, tena nyingine bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuzichukua, na nitazirudia. Isiyokuwepo ni dawa ya uzee wenyewe, na sababu ya kutokuwepo ndiyo inayohitaji maelezo marefu.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji wa vidonge hustawi pale ambapo hesabu haieleweki. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi haukufika miaka 45. Leo Tanzania umepita 65. Anayesikia tarakimu hizo anaweza kudhani kwamba babu zetu walikuwa vikongwe wakiwa na miaka 40, na kwamba sayansi imeshausogeza uzee mbele kwa miaka ishirini. Sivyo. Chukua watoto wawili waliozaliwa nyumba moja, mmoja akafa kwa surua akiwa na mwaka mmoja na mwenzake akafa akiwa na miaka 79: wastani wao ni miaka 40, ingawa katika nyumba hiyo hakuna aliyekufa akiwa na umri huo wala unaoukaribia. Chanjo, chandarua, maji safi na mkunga aliyesomea kazi yake ndivyo vilivyoupandisha wastani kwa kuwaokoa watoto. UKIMWI ulipoanza kuua vijana na watu wazima, wastani huo ulirudi nyuma katika miaka ya 1990, kisha ukapanda tena dawa za kufubaza virusi zilipoenea. Katika kupanda na kushuka kote huko, mwendo wa mwili kuchakaa haukuguswa.

Mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote, kwa kumbukumbu zinazokubaliwa na wataalamu wengi, ni Mfaransa Jeanne Calment, aliyezaliwa Arles mwezi Februari 1875 na kufariki mwezi Agosti 1997 akiwa na miaka 122. Tangu hapo watu duniani wameongezeka kwa zaidi ya bilioni mbili, na hakuna aliyemfikia. Mwaka 2000 wanasayansi wawili wa Marekani, Steven Austad na Jay Olshansky, waliwekeana dau: Austad alisema mtu atakayetimiza miaka 150 ameshazaliwa, Olshansky akakataa, na fedha walizoweka zitalipwa mwaka 2150 kwa warithi wa mshindi. Wote wawili wamelitafiti jambo hili maisha yao yote, na bado hawajakubaliana.

Nilitaja kumbukumbu zinazokubaliwa kwa makusudi. Miaka michache iliyopita nililetewa kliniki bibi mmoja ambaye mwanawe aliniapia kuwa ana miaka 115, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa nzige. Nzige walikuja zaidi ya mara moja, kwa hiyo nikamwuliza bibi mwenyewe alikuwa na umri gani Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Akafikiri, akasema alikuwa hajavunja ungo, na alikumbuka vizuri kwa sababu mjomba wake alirudi kutoka Burma na koti la jeshi lililomfikia yeye miguuni. Basi hawezi kuwa amezidi miaka 95. Mwanawe alinuna kana kwamba nimempunguzia urithi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Pale ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache, vikongwe wa miaka 120 huwa wengi, na hilo limeonekana Ulaya na Marekani pia, si kwetu tu.

Sasa tuje kwenye mwili. Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyekuwa mtaalamu wa hesabu za bima, alionyesha kwamba kwa mtu mzima uwezekano wa kufa hauongezeki kidogo kidogo kwa kiasi kilekile, bali hujizidisha. Kwa vipimo vya sasa, huwa maradufu takriban kila baada ya miaka minane. Humo ndimo ulimo ugumu wote. Wachambuzi wamewahi kukadiria kwamba, katika nchi tajiri, saratani zote zikifutwa kabisa, wastani wa umri utaongezeka kwa takriban miaka mitatu tu, kwa sababu mzee wa miaka 80 aliyeponyoka saratani anasubiriwa na moyo, na aliyeponyoka moyo anasubiriwa na kiharusi, figo au nimonia. Uzee ni mlango wa magonjwa yote hayo kwa wakati mmoja.

Watu wa pwani tunakijua kisa cha Fumo Liyongo, ambaye mikuki na mishale haikumdhuru mpaka maadui walipomtumia mwanawe mwenyewe kuuliza siri, ikabainika kwamba kinachoweza kumwua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Watafiti wa uzee wamekuwa wakimtafutia adui yetu huyu kitovu chake kwa miongo mingi, na kila baada ya muda hutangazwa kwamba kimepatikana.

Kitovu cha kwanza kilikuwa ndani ya seli. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara hujigawa mara 50 hivi, kisha husimama. Baadaye ilieleweka kwamba ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ncha ziitwazo telomea, hupungua kila seli inapojigawa, mfano wa kanga isiyokunjwa pindo inayotoka uzi mmoja kila inapofuliwa, na kwamba kipo kimeng'enya kinachoweza kuzirefusha, telomerasi. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Kwa nini basi tusiiwashe telomerasi mwilini kote? Kwa sababu seli ambazo hazisimami tunazijua tayari. Mwaka 1951 zilichukuliwa kutoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyetibiwa Baltimore; hadi leo zinaendelea kujigawa katika maabara za dunia nzima, na ni saratani ileile iliyomwua mwaka uleule. Kusimama kwa seli, tunakokuona kuwa ni uzee, ni breki pia.

Kitovu cha pili kilionekana kwa minyoo. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walibadilisha jeni moja ya mnyoo mdogo anayeishi wiki mbili au tatu, na umri wake ukawa maradufu. Jeni hiyo inahusika na njia za mwili zinazofanana na za insulini kwetu, ndiyo maana ugunduzi ule ulisisimua watu wengi. Lakini kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa na mwenye maisha marefu kwa asili yake, ndivyo faida ya hila za namna hii inavyopungua.

Cha tatu ndicho ninachokiheshimu zaidi, na historia yake inastahili kusimuliwa. Mwaka 1964 msafara wa wanasayansi ulikwenda Rapa Nui, kile kisiwa cha Pasifiki chenye sanamu kubwa za mawe, ukachukua sampuli za udongo. Katika udongo ule ilipatikana bakteria inayotengeneza kemikali iliyopewa jina la kisiwa, rapamaisini. Ilitumika kwanza kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, kwa kuwa hupunguza nguvu ya kinga. Kisha mwaka 2009 maabara tatu za Marekani, zikifanya jaribio moja kwa utaratibu mmoja, ziliwapa panya rapamaisini wakiwa na miezi 20, umri ambao kwa panya ni kama miaka 60 kwetu, na panya hao wakaishi zaidi ya wenzao, majike kuliko madume. Kilichonishangaza nilipoisoma habari hiyo ni kwamba dawa ilianza kutolewa uzeeni na bado ikafanya kazi. Hata hivyo panya wa maabara huishi kwenye kizimba safi, hatembelewi na wageni wenye mafua, wala hakanyagi msumari. Mtu wa Tanga akipunguziwa kinga ya mwili ili aishi zaidi, kifua kikuu kinaweza kumaliza mjadala mapema. Majaribio kwa binadamu yanaendelea kwa dozi ndogo, na mpaka yakamilike siwezi kumwandikia mtu mwenye afya dawa hiyo.

Kupunguza chakula ni habari ya zamani zaidi: tangu mwaka 1935 Clive McCay alionyesha kwamba panya wanaolishwa kidogo, bila kukosa virutubisho, huishi zaidi. Kwa kima aina ya rhesus majaribio mawili makubwa ya Marekani hayakutoa jibu moja. Katika moja walioshindishwa njaa kiasi waliishi zaidi, katika la pili hapakuwa na tofauti ya umri. Metformini, ambayo pengine baba yako anaimeza kama ana sukari, ilisifiwa baada ya takwimu za Uingereza za mwaka 2014 kuonyesha wagonjwa wanaoitumia wakiishi kuliko hata wasio na kisukari. Wachambuzi wa Denmark waliporudia hesabu hiyo kwa watu wao, faida haikuonekana. Aitumie kwa sukari yake, basi.

Na vidonge vya kaka yako? NMN ni malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza NAD, kemikali inayosaidia seli kuzalisha nguvu na ambayo hupungua kadiri tunavyozeeka. Kumeza vidonge kunaweza kuongeza NAD katika damu. Hilo limepimwa kwa watu. Kutoka hapo mpaka kuishi zaidi kuna daraja ambalo halijajengwa, na ndugu yake wa karibu anayefanya kazi kwa njia hiyohiyo, aitwaye nikotinamidi ribosidi, alipojaribiwa kwa panya katika maabara zilezile tatu hakuwarefushia maisha. Zaidi ya hayo, vidonge hivi huuzwa kama virutubisho, si kama dawa, kwa hiyo aliyeviuza hakutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba vinafanya kile ambacho karatasi inakisema.

Utaniuliza kwa nini kitovu kimoja hakipatikani. Jibu ninaloliamini linatoka kwa wanyama. Panya wa nyumbani huishi miaka miwili au mitatu. Katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia yupo fuko asiye na manyoya, mwenye uzito wa gramu 35 hivi, mbaya wa sura Mungu anisamehe, ambaye huishi zaidi ya miaka 30. Na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia kumbukumbu za maelfu ya mafuko waliofugwa, haukuona hatari yao ya kufa ikipanda kwa umri jinsi Gompertz alivyoiona kwa binadamu. Popo mmoja mdogo wa Siberia, asiyezidi gramu chache, alikamatwa akiwa na pete aliyovishwa miaka 41 nyuma. Na yeyote aliyefika Changuu, pale mbele ya Unguja, amewaona kobe wakubwa ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, umri umeandikwa kwa rangi mgongoni, wakitafuna majani bila haraka.

Fuko ana shimo, popo ana mabawa, kobe ana gamba. Panya hana chochote. Porini huliwa na bundi au nyoka kabla ya kutimiza mwaka. Mwenye bodaboda anayejua kwamba pikipiki itaibiwa ndani ya miezi sita hatatumia fedha kubadilisha pistoni. Atatia mafuta na kuitembeza. Maumbile nayo hufanya hesabu ya namna hiyo: kiumbe ambaye kwa kawaida huuawa mapema hujaliwa kuzaa upesi na hajaliwi mitambo ya kudumu ya kujikarabati, na aliyehifadhiwa na hatari hupata nafasi ya kujengeka kwa ajili ya muda mrefu. Kwa hiyo uzee haukuwekwa mwilini kama saa yenye kengele moja ambayo tungeweza kuizima. Ni jumla ya matengenezo mengi yaliyoachwa nusunusu, kwenye DNA, kwenye mishipa, kwenye protini, kwenye kinga, kila moja kwa mwendo wake. Fuko haishi miaka 30 kwa kemikali moja ambayo tunaweza kuichota na kuitia chupani. Mwili wake wote umeundwa hivyo. Siamini kwamba binadamu hatafaidika kamwe na utafiti huu, na natarajia siku moja tutapata dawa zitakazochelewesha magonjwa kadhaa ya uzeeni kwa pamoja. Nitakayemkatalia ni yule anayesema ameshaipata na anaiuza.

Nirudi kwa mama yako. Mimi ni daktari, si sheikh wala padri, na sitaingia kwenye suala la umri ulioandikwa, ila nitasema kwamba sidhani mama aliona kufuru alipowapeleka nyinyi watoto kliniki mkachanjwe. Nadhani hofu yake iko mahali pengine, na hapo ana haki. Tunapomwombea mtu, hatusemi umri mrefu tukanyamaza; tunasema umri mrefu wenye kheri, au wenye afya. Qur'ani inautaja umri dhalili, ambao mtu hurudishwa katika hali ya kutojua baada ya kujua, na watu huomba kukingwa nao. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu kwa mwaka 2019, wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa miaka 73, na wastani wa miaka ya afya njema ulizidi 63 kidogo tu. Tofauti hiyo, karibu miaka kumi, ndiyo kitanda, mkongojo, upofu wa mtoto wa jicho usiotibiwa, na binti aliyefunga duka lake ili amgeuze mama kitandani kila saa mbili asipate vidonda. Anayeahidi miaka mingi aulizwe anaiongeza upande gani.

Aulizwe pia anaiongeza kwa nani, na ataishije. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya ushahidi uliotolewa dhidi yao ni macho mekundu, ambayo yalikuwa mekundu kwa sababu ya kupikia kuni na samadi kavu kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Mwanamke huyo angekwambia kwamba dawa ya kurefusha maisha ni jiko lisilo na moshi na majirani wenye akili. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini nakumbuka jinsi wazee walivyokizungumzia: sukari yao wenyewe, nauli yao wenyewe, kitu cha kumpa mjukuu. Suala hilo limo katika somo hili la kurefusha umri kama zilivyomo telomea.

Sasa kuhusu mzee mwenyewe. Umeniandikia barua ndefu juu ya vidonge na hukunitajia presha yake, jambo linalonipa wasiwasi kidogo. Watafiti waliowapima watu wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu saba kati ya kumi wana shinikizo la juu la damu. Wengi hawakuwa wakijua, na waliokuwa wamedhibitiwa kwa dawa walikuwa wachache mno. Presha ndiyo inayoleta kiharusi, huharibu figo, na huchangia kupotea kwa akili uzeeni. Vidonge vyake ni vya zamani, vya bei ndogo, na vimejaribiwa kwa maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo wa umri wa baba yako na hata zaidi. Hivyo vimethibitishwa kuwa vinapunguza vifo. Havirudishi ujana, wala karatasi yake haidai hivyo.

Kwa hiyo, fedha ambazo kaka anataka mchangiane zinunueni kipimo cha presha cha mkono wa juu, si kile cha kifundo, na zitakazobaki mfanyieni mzee uchunguzi wa macho na mlipeni fundi aweke kishikio cha ukutani chooni, maana nyonga ikivunjika katika umri huo wengi hawarudi kutembea. Kama kuna kichupa kilichofunguliwa, kipelekeni kwa daktari wake akione pamoja na dawa nyingine anazotumia. Visivyofunguliwa kaka ajaribu kuvirudisha. Mwambie kaka kwa upole, kwa sababu aliyevileta alikuwa anampenda baba yake.

Kisha mpimeni presha asubuhi na jioni kwa siku tatu. Asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara, aende haja ndogo kwanza, aketi dakika tano akiwa ameegemea na miguu iko chini, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na asizungumze. Najua hilo la mwisho litakuwa gumu kwa mzee wa Tanga mwenye wageni barazani. Andikeni tarakimu zote mbili kila mara, mniletee.